Pima Umbali kwa Saa za Arosto: Mwongozo wa Kufikisha Kinga ya VVU kwa Wanaojidunga Vijijini

Kutoka Marereni hadi Malindi ni kama saa moja kwa matatu, ukibahatika kupata iliyojaa. Ukitazama ramani utasema si mbali. Lakini mtu aliyejidunga unga, yaani heroini, saa kumi na mbili asubuhi, ikifika mchana ameanza kupiga miayo na kutokwa machozi bila kulia. Ikifika magharibi tumbo linamkata, mifupa inamuuma, ngozi imemsisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa. Hiyo ndiyo arosto. Mwambie mtu huyo atafute nauli, apande gari, apange foleni mjini, apewe sindano mbili safi kisha arudi. Hataenda. Ataazima bomba la sindano la mwenzake, alisuuze kwa maji yaliyo karibu, ajidunge.

Ndiyo maana kila anayetaka kuanza kazi hii kijijini namwambia neno hili kabla ya jingine: usihesabu kilomita, hesabu saa za arosto. Huduma ambayo mtu hawezi kuiendea na kurudi kabla arosto haijamkamata, kwake haipo, hata kama bango lake liko barabarani.

Nimeuandika mwongozo huu kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, waelimishaji rika, wauguzi wa zahanati, na hata mzazi au mwenye duka la dawa aliyechoka kuzika vijana. Mifano ni ya Pwani ya Kenya, kuanzia Kwale hadi Lamu, maana ndiko ninakokujua. Mwenzangu wa Pemba, Tanga au Bagamoyo ataona mengi yanamhusu.

Na kazi hii inazaa matunda. Zanzibar, uchunguzi wa mwaka 2007 ulikuta VVU kwa takriban asilimia 16 ya wanaojidunga. Mwaka 2012 ikawa takriban asilimia 11. Bado ni mzigo mkubwa mno visiwani ambako watu wazima kwa jumla hawafiki asilimia 1, ila kushuka kulionekana.

Kaa maskani kabla ya kubeba chochote

Wiki mbili za mwanzo usipeleke sindano. Peleka masikio. Mtafute mmoja anayejidunga au aliyewahi kujidunga, anayeaminiwa na wenzake, akufikishe maskani, kijiwe wanakokutana kujidunga. Huyu usimfanye mtembezi wa bure; ndiye atakayekuwa mwelimishaji rika wako, na alipwe posho kama wengine.

Kijijini maskani hayafanani na ya Majengo au Kisauni mjini Mombasa. Hukuti watu 40 kwenye gofu moja. Utakuta watatu nyuma ya banda la samaki, wawili kwenye mashamba ya chumvi, mmoja kwa mamake chumba cha uani, na mvuvi anayejidunga baharini usiku kabla ya kutega. Hao wote hawajulikani idadi yao, na wengine wao wenyewe hawajuani.

Chora ramani ya saa badala ya ramani ya njia. Kete ya kwanza, yaani kipakiti cha unga, inapatikana saa ngapi? Bomba wananunua wapi, na duka hilo linafunga lini? Ijumaa likifungwa kwa swala, au Jumapili mwenye duka akienda kanisani, watu wanatumia nini? Nani huwadunga wenzake? Karibu kila maskani pana mmoja mwenye mkono mwepesi, wenyewe humwita daktari, na wageni wa sindano wote hupitia kwake. Ukimpata huyo na akaelewa, umewapata kumi.

Andika idadi, usiandike majina. Daftari lenye majina likianguka mikononi mwa askari, kazi yako imekwisha siku hiyo. Na neno "teja" liache kwenye midomo ya wengine. Waite watu majina yao.

Nenda kwa chifu, OCS (mkuu wa kituo cha polisi) na imamu kabla sindano ya kwanza haijashuka

Sheria ya dawa za kulevya ya Kenya ya mwaka 1994 inagusa hata vyombo vya kutumia dawa hizo. Ina maana kijana akipekuliwa akakutwa na bomba, bomba lile laweza kuwa ushahidi. Akijua hivyo hatalibeba, na asipolibeba ataazima. Kwa hiyo kukamata sindano ni kusambaza virusi, na hilo ndilo la kumweleza mkuu wa kituo cha polisi, uso kwa uso, kwa adabu, ukiwa umefuatana na afisa wa afya wa kaunti ndogo. Usiende peke yako. Mpe nakala ya barua, mwonyeshe kitambulisho watakachobeba waelimishaji rika wako, na uchukue namba ya naibu wake pia, maana wakuu wa vituo huhamishwa na utaanza upya.

Kwa wazee wa kijiji usifungue na VVU. Fungua na mchanga. Mzee mmoja wa mtaa alinikatiza nikiwa sijamaliza kusalimia: "Mwanangu, wewe wataka kuwagawia sindano, na wajukuu zangu wakanyage wapi?" Nilimwomba twende pamoja ufukweni. Tuliokota mabomba 17 kabla ya adhana ya alasiri, nikayatia kwenye dumu mbele yake. Nikamwambia, mzee wangu, haya yako hapa kabla sijaja. Nikianza kazi, kila wiki nitayaokota, na wao watanisaidia. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi anza na hapa nyuma ya msikiti." Yeye ndiye aliyezungumza na imamu, sikuhitaji kwenda.

Fanya hesabu ya sindano, uifanye kwa ukarimu

Anayetegemea heroini hujidunga mara tatu au nne kwa siku. Chukua tatu. Kwa wiki ni 21, na kwa watu 30 ni 630. Sindano hufungwa mia kwa boksi, basi boksi saba kila wiki, na la nane la akiba, kwa sababu nyingine huziba, nyingine mishipa inakataa wakajaribu mara mbili. Lengo la Shirika la Afya Duniani la kufikia mwaka 2030 ni sindano 300 kwa mtu kwa mwaka. Kwa mtu wa mara tatu kwa siku, hizo ni za siku 100. Siku 265 zilizobaki atatumia nini? Hesabu hiyo ipeleke kwenye mkutano wa bajeti ya kaunti, isome polepole.

Usidai sindano kuukuu ndipo utoe mpya. Mjini utaratibu huo unaumiza, kijijini unaua. Mtu hatatembea kilomita nane na mfuko wa sindano chafu apite mbele ya polisi. Toa za wiki nzima au mbili kwa mkupuo mmoja. Akiomba zaidi ya hizo, muulize wenzake wangapi hawakuja, umpe zao. Anayechukua kwa ajili ya wengine ndiye mkono wako mrefu. Ataingia kwenye vyumba ambavyo wewe hutaingia maisha yako yote.

Aina nayo ni muhimu. Omba bomba la mililita 1 ambalo sindano yake imeungana nalo, haichomoki. Likibonyezwa hadi mwisho hubakiza damu kidogo sana, ilhali lile la kuchomoa hubakiza tone zima shingoni. Virusi vyaweza kukaa hai ndani ya bomba siku kadhaa, hata wiki, hasa mahali pasipo na joto kali. Tone hilo basi si jambo dogo.

Vituo vya kuchukulia viwe vitatu kwa uchache: zahanati, nyumba ya mwelimishaji rika, na mahali pa usiku. Usiku ndipo watu huazimana. Mahali pa usiku paweza kuwa duka la dawa ambalo mwenyewe hulala hapo hapo, au bodaboda wa stejini aliyefunzwa. Ukienda kwa mwenye duka la dawa, mwombe kwanza asimkatalie mtu bomba kwa sababu ya sura yake. Wengi hukataa wakidhani wanaokoa, na ukiwaeleza kinachofuata baada ya kukataa hubadilika.

Tazama maji

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapopoteza watu tuliodhani tumewakinga.

Siku moja nilikaa chini ya mkwaju na vijana wanne. Kila mmoja alikuwa na bomba jipya nililompa mimi, kwenye karatasi yake. Nilifurahi. Kisha wakachanga pesa, kete mbili zikamiminwa kwenye kijiko kimoja, maji yakachotwa kwenye kikombe kimoja cha plastiki, wakavuta wote kupitia kipande kimoja cha pamba. Wa kwanza akajidunga, akavuta damu kuhakikisha mshipa, akamaliza, akasuuza bomba lake ndani ya kikombe kile kile. Maji yakapata wekundu hafifu, kama ya kuoshea samaki. Wa pili naye akachovya humo.

Sindano zilikuwa nne, safi zote, na damu ikawazunguka wote. Tangu siku hiyo sitoi bomba peke yake. Kifurushi kina bomba, kichupa kidogo cha maji safi cha mtu mmoja, kijiko chake au kifuniko cha chupa, pamba yake, vitambaa vya spiriti na kondomu. Maji ya kuchanganyia yasiwe ya kusuuzia, na ya mmoja yasiwe ya mwingine. Nawaonyesha kwa rangi: natia tone la rangi nyekundu ya keki ndani ya bomba, nasuuza kwenye glasi, nachovya bomba la pili, navuta. Hakuna hotuba inayoshinda wekundu ule kuingia bomba la pili mbele ya macho yao.

Wanaochangia kete wataendelea kuchangia, unga ni ghali. Waambie wagawane ungali mkavu, kila mmoja achanganye wa kwake. Hatari ni kugawana ukishakuwa maji, kwa kufuata alama za bomba, jambo ambalo wenzetu wa Tanzania wanaliita vipointi. Na yule anayeitwa daktari awe na bomba la kila mtu, asafishe vidole kati ya mmoja na mwingine.

Zilizotumika zirudi kwa njia gani

Dumu gumu la mafuta ya kupikia la lita tano, lenye kifuniko cha kuzungusha, linatosha. Liandikwe, lisijazwe zaidi ya robo tatu, lifungwe kwa utepe wa gundi, lipelekwe zahanati inayopeleka taka zake kwenye tanuri. Lisizikwe, lisichomwe na mabiwi ya nyumbani. Tunaookota tuvae viatu vya kufunika na tushike kwa koleo. Anayejidunga asirudishe kifuniko cha sindano ya mwenzake. Hapo ndipo vidole huchomwa.

Kupima na vidonge

Kipimo cha kujipima cha ute wa fizi kimefaa sana vijijini, kwa sababu hakidai kidole wala mshipa, na mtu anaweza kujipima ndani ya ngalawa akitaka. Jibu lisomwe baada ya dakika 20, lisiachwe kupita dakika 40. Likionyesha virusi, ni lazima lithibitishwe kituoni. Lisipoonyesha, linazungumzia miezi mitatu iliyopita kwenda nyuma, halizungumzii wiki jana. Mwelimishaji rika abaki karibu kwa simu siku hiyo, na kesho yake amsindikize mwenye jibu zito hadi kituoni. Usimpe mtu karatasi ya rufaa ukamwacha nayo. Mimi niliwahi kumpeleka kijana mwenye jipu la mkono kwenye kituo kimoja akawekwa benchi tangu asubuhi hadi jioni, kila aliyemkuta akitibiwa mbele yake. Akaniambia, "Bro, mimi hapa sirudi." Hakurudi. Tangu hapo nasindikiza.

Kuhusu PEP, yaani dawa za kuzuia maambukizi baada ya mtu kukutana na virusi, saa ndizo kila kitu. Ianze haraka iwezekanavyo, isipite saa 72, kisha inywewe siku 28. Kama kituo cha PEP kiko ng'ambo ya bahari, saa 48 kati ya hizo 72 huliwa na Jumamosi na Jumapili tu. Omba zahanati iruhusiwe kutunza dozi za siku chache za kuanzia, na majina ya wauguzi wanaoweza kuzitoa usiku yabandikwe kwa mwelimishaji rika.

PrEP ya vidonge, kinga inayotumiwa kabla ya mtu kukutana na virusi, imekuwepo katika mpango wa taifa wa Kenya tangu 2017. Utafiti uliofanyika Bangkok na kutangazwa 2013 ulionyesha kwamba kidonge cha kila siku kilipunguza maambukizi kwa wanaojidunga kwa karibu nusu, na zaidi kwa waliokinywa bila kuruka. Ni nusu, hivyo kinakwenda pamoja na sindano safi, hakichukui nafasi yake. Dawa mpya ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Julai 2025. Kwa mtu wa kisiwani safari mbili kwa mwaka ni jambo jingine kabisa. Ulizia kliniki yako kila robo mwaka kama imefika.

Aliye na VVU tayari apate ARV hapo hapo kijijini, za miezi mitatu au zaidi, na kama hana mahali pa kuziweka, mwelimishaji rika amtunzie. Virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Kwa sindano hatuna uhakika wa namna hiyo, kwa hiyo bomba lake libaki lake.

Methadoni ya mtu wa mbali

Methadoni ni kinga kubwa, kwa sababu asiyejidunga haazimi bomba. Ni dawa ya maji, hunywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, inazuia arosto siku nzima. Hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilifungua kliniki yake Februari 2011, ya Mathari jijini Nairobi Desemba 2014, na Malindi 2015. Malindi ndiko pia shirika la Omari Project lilikoanza kuwahudumia watumiaji tangu miaka ya 1990.

Tatizo ni "kila siku". Nauli ya kwenda na kurudi siku 30 ni kodi ya nyumba. Haya ndiyo yaliyowafaa watu wetu: kumtafutia mgonjwa mahali pa kulala mjini kwa wiki za mwanzo, dozi inapopandishwa, kuunda kundi la watu watano wanaokodi tuktuk moja, na, mtu akishatulia, kuiomba kliniki kwa barua dozi za kubeba nyumbani. Wakati wa Korona mwaka 2020 dozi za kubeba zilianza kutolewa, kwa hiyo unayeomba huombi kitu kigeni. Dozi hizo zitunzwe kwenye kisanduku cha kufuli. Mililita chache kwa mtoto ni kifo.

Mambo mawili ambayo wahudumu wa vijijini hawaambiwi. Mgonjwa wa methadoni akianza dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, methadoni yake itaishiwa nguvu mapema na arosto itamrudia. Baadhi ya ARV za zamani kama efavirenz hufanya vivyo hivyo. Usimwite mwongo, mpigie daktari aangalie dozi. Pili, aliyekosa dozi siku tatu au zaidi asirudie kiasi chake cha zamani bila kuonwa kwanza. Mwili umeshasahau.

Mfungo wa Ramadhani uzungumzieni kabla haujaandama mwezi: kliniki itafungua saa ngapi, na gari la usiku litatoka wapi. Mwaka wa kwanza sikuuliza, nikawapoteza wanne.

Wanawake

Hawako maskani. Wako ndani, na mara nyingi hudungwa na mpenzi, wa pili kwa bomba lile lile, baada yake. Wana VVU kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume wanaojidunga, na hofu yao ya kwanza ni kunyang'anywa mtoto. Mwanaume usiende. Atumwe mwanamke, apitie saluni au kwa mama muuza maandazi, abebe vifurushi ndani ya kikapu pamoja na pedi na sabuni. Akiwa mjamzito asiambiwe aache unga ghafla. Mfikishe kliniki ya methadoni na ya wajawazito siku moja, kwa gari moja.

Siku shehena isipofika

Itatokea. Upepo wa Kusi ukichafuka, boti za Faza na Kizingitini, huko Lamu, hukaa ufukoni. Mvua za El Niño za Novemba 2023 ziliikata barabara ya Lamu upande wa Tana River. Na Januari 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa, huduma zilizotegemea pesa hizo zilitikisika bila notisi. Weka akiba ya miezi mitatu upande wako wa maji, si upande wa ghala. Iingize kabla ya Aprili.

Unga nao ukikatika, kama ulivyokatika Pwani mwishoni mwa 2010, hatari inaongezeka: watu hujidunga chochote, kwa pamoja, na ukirudi hujidunga kiasi cha zamani. Weka nalokseni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini, zahanati na kwa mwelimishaji rika. Aliyezidiwa, asiyepumua vizuri, midomo imegeuka rangi, mpulizie pumzi, mdunge miligramu 0.4 kwenye msuli, rudia baada ya dakika mbili au tatu asipozinduka, na usimwache, maana nalokseni huisha nguvu kabla ya heroini.

Sindano zikiisha kabisa, wafundishe kusafisha kwa Jik, dawa ya klorini ya kufulia, ukiwaambia wazi kwamba ni njia ya mwisho na haiui kila kitu, hasa homa ya ini aina ya C. Vuta maji safi, tikisa, mwaga nje, mara tatu, hadi wekundu uishe. Vuta Jik isiyochanganywa na maji hadi bomba lijae, tikisa kwa dakika mbili, mwaga. Vuta maji mengine mapya mara tatu, mwaga. Vikombe vitatu, cha kwanza kisirudiwe mwishoni. Wagawie chupa ndogo za Jik mapema, wiki ile ile unaposikia kwamba boti haitoki, na uwaambie siku utakayorudi. Ukisema Alhamisi, uwe hapo Alhamisi, hata kama umekuja mikono mitupu.